26 ya ringi yako si 26 ya dukani

"Nina baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele na breki ya habu (kitovu cha gurudumu) nyuma. Naishi pembezoni mwa Morogoro, na kila asubuhi nabeba madumu mawili ya maziwa ya lita 20, kilomita 9 za barabara ya vumbi. Tairi la nyuma limeisha. Limeandikwa 26 x 1 3/8. Nikaona nitumie nafasi hii kuweka pana zaidi, nikanunua jipya la 26 x 1.75. Fundi alihangaika nalo kwa bisibisi mbili karibu saa nzima, likagoma kuvuka ringi. Tyubu ikatoboka na ukingo wa tairi umejikunja. Muuzaji anasema 26 ni 26, tatizo ni fundi. Fundi mwingine ananishauri nichukue 26 x 1 1/2, eti hilo linaingia hata kwa mkono. Nani mkweli, na ringi yangu inaweza kubeba tairi pana kiasi gani?"

Pole kwa tyubu. Fundi wako wa kwanza hana kosa ila moja: alipaswa kuacha dakika ya tano. Tairi ulilonunua lilikuwa zima na ringi yako ni nzima, lakini hata angekuwa fundi bingwa wa nchi nzima, viwili hivyo visingeoana. Muuzaji amekosea. Fundi wa pili amekosea zaidi, tena kosa lake ndilo linaloweza kukuangusha ukiwa na maziwa mgongoni, kwa hiyo nitalirudia hapa chini.

Kwanza hiyo 26. Wengi wetu tunaisoma kama kipimo cha ringi. Sivyo. Ni kipimo cha zamani cha gurudumu zima, kutoka ardhini hadi juu, tairi likiwa limejaa upepo. Inchi 26 ni milimita 660. Ukitaka kujua ringi, toa unene wa tairi mara mbili, juu na chini. Tairi la inchi 1 3/8 lina milimita 35, mara mbili ni 70, zinabaki 590. Tairi la 1 1/2 lina milimita 38, mara mbili ni 76, zinabaki 584. Tairi la inchi 2.0 la baiskeli za mlimani lina karibu milimita 51, mara mbili ni 102, na hapo unafika kwenye ringi inayoitwa 559. Magurudumu matatu, kimo kimoja, yote ni 26 bila uongo, na ringi tatu tofauti. Baadaye watengenezaji wakaanza kuvalisha ringi ileile matairi membamba na mapana bila kubadilisha jina, na ndivyo 26 x 1.75 yako ilivyoingia katika ukoo wa 559 ingawa kimo chake halisi hakifiki inchi 26.

Kwa hiyo angalia namna namba ilivyoandikwa, si thamani yake tu. Tairi la sehemu (1 3/8, 1 1/2, 1 3/4) na tairi la nukta (1.75, 1.95, 2.125) ni koo mbili, hata pale hesabu inapokwambia ni kitu kimoja. Darasani, 1.75 na 1 3/4 ni sawasawa. Kwenye baiskeli, 26 x 1.75 inakaa ringi ya 559 na 26 x 1 3/4 inakaa ringi ya 571. Anayezibadilishana kwa kuwa alifaulu hesabu atarudi dukani siku hiyohiyo.

Dawa ya vurugu hii ipo, na imechapwa ubavuni mwa tairi lako lile bovu. Lisafishe vumbi kwa kitambaa chenye maji, ulizungushe taratibu kwenye mwanga wa pembeni. Karibu na maandishi ya 26 x 1 3/8 utakuta namba mbili zenye kistari katikati: 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha sehemu ya ringi ambapo tairi linakalia, pia kwa milimita. Huo ndio mfumo wa ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na ringi, ambao pia umo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Namba ya pili lazima ilingane na ya ringi yako kabisa: si karibu, si "itavutika". Namba ya kwanza ndiyo yenye uhuru kidogo, na nitaufikia.

Kwa nini isivutike? Kwa sababu kila ukingo wa tairi la kawaida umefichwa duara la waya wa chuma ndani ya mpira. Mpira unavutika, waya hauvutiki. Tairi la 559 lina waya mfupi kuliko mzunguko wa ringi ya 590 kwa karibu sentimita 10 (tofauti ya milimita 31, zidisha kwa 3.14). Hakuna bisibisi itakayozitengeneza sentimita 10 hizo. Kinachotokea ni hicho ulichokiona: waya unapinda, tyubu inabanwa kati ya chuma na chuma, na ringi inachubuka mdomo. Hilo tairi lililojikunja ukingo usimuuzie mtu mwenye ringi ya 559 kama jipya. Waya ukishapata kona haurudi kuwa duara, na siku moja tairi litachomoka pale pale penye kona.

Sasa ushauri wa fundi wa pili. Tairi la 26 x 1 1/2 lina kipenyo cha 584, lako ni 590. Kwa kawaida ni dogo kwa milimita 6 na lingekubana. Kama kweli linaingia kwa mkono, basi ama hilo alilolishika si 584, ama ringi yako si 590 kama maandishi ya tairi yanavyosema, na yote mawili ni sababu ya kupima kabla ya kulipa. Hatari kubwa iko upande wa kinyume, pale waya unapokuwa mrefu kuliko ringi. Weka tairi la 590 kwenye ringi ya 584 na litaingia bila jasho, kila mtu akafurahi. Waya una ziada ya karibu sentimita 2. Ukijaza upepo, ziada hiyo inajikusanya sehemu moja, ukingo unapanda juu ya mdomo wa ringi, tyubu inachungulia kama ulimi, kisha mlipuko. Mara nyingine hailipuki palepale kwa fundi. Inasubiri kona ya kwanza yenye mzigo. Tairi kuingia kirahisi si ushahidi kwamba linafaa.

Mitego mingine ya aina hii ipo mtaani, na nitaitaja haraka kwa kuwa baiskeli za mtumba zimeichanganya zaidi. Za Kijapani zilizoandikwa 27 x 1 3/8 zina ringi ya 609, wakati 27 x 1 1/4 ya baiskeli za zamani za mbio ni 630. Baiskeli za Phoenix na wenzake wa 28 x 1 1/2 zinatumia 635, lakini 28 nyingi za Ulaya ni 622, ileile ya baiskeli za mbio za 700C, na ileile inayouzwa kwenye baiskeli za mlimani kwa jina la 29. Tairi la 635 kwenye ringi ya 622 ni kanzu ya baba kwa mtoto.

Kama maandishi yamefutika, toa tairi na uzungushe uzi usiovutika juu ya kingo za ringi, kisha pima uzi. Ukingo hunyanyuka karibu milimita 6 juu ya kalio la tairi, kwa hiyo ringi ya 559 itakupa uzi wa karibu sentimita 179, ya 584 karibu 187, ya 590 karibu 189, ya 609 karibu 195, ya 622 karibu 199, ya 635 karibu 203. Kati ya 584 na 590 tofauti ni ndogo mno, na kimo cha ukingo hutofautiana kati ya ringi na ringi, kwa hiyo hapo usiamini uzi peke yake. Tafuta namba iliyogongwa kwenye ringi yenyewe, mara nyingi karibu na tundu la vali.

Tuje kwenye upana, ambao ndio hasa ulioutaka. Kinachoamua ni upana wa ndani wa ringi. Toa tairi, weka rula kukingama mtaro, pima kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani. Usipime kwa nje. Nje utapata milimita kadhaa za bure. Kanuni ya tahadhari ambayo mafundi wengi huishika: upana wa tairi uwe kati ya mara 1.45 na mara 2 ya upana wa ndani. Ringi yenye milimita 20 ndani inafurahia tairi la 29 hadi 40. Yenye 24 inafurahia 35 hadi 48. Watengenezaji wengi huruhusu mapana zaidi ya hapo, na baiskeli za mlimani za zamani zilitembea miaka mingi na matairi ya 50 na kitu juu ya ringi za 19. Inawezekana, lakini kwa masharti, na masharti hayo ni upepo mdogo na mzigo mdogo. Wewe una mzigo mkubwa.

Ukielewa kinachotokea, hutahitaji kukariri jedwali. Tairi pana kwenye ringi nyembamba linasimama kama balbu ya taa: shingo nyembamba, kichwa kinene. Ukikata kona, kichwa kinalala upande mmoja na shingo inabaki, ndipo unaposikia baiskeli inayumba kama vile tairi lina pancha. Ukipunguza upepo inazidi, ukiongeza upepo unaumiza ringi. Mvuto wa kuta za tairi kwenye mdomo wa ringi huongezeka kwa presha na vilevile kwa upana: kwa presha ileile, tairi la milimita 54 linavuta karibu mara moja na nusu ya lile la 37. Anayebadilisha tairi kuwa pana kisha akalijaza "mpaka liwe jiwe" kama alivyozoea anaipanua ringi bila kujua. Ringi ya alumini iliyoliwa na breki ndiyo hupasuka kwanza, na hupasuka kwa kufunguka ukuta mzima.

Upande mwingine nao una gharama zake. Tairi jembamba kwenye ringi pana linatandazika, kuta zake zinakaa nje na kukatwa na mawe, na kimo chake kinapungua hivyo ringi inagonga jiwe mapema. Upana unaoandikwa pia si wa kudumu: kila milimita moja ya ringi inapoongezeka, tairi hupanuka kwa karibu milimita 0.4. Usishangae tairi lilelile likipima 37 kwa jirani na 35 kwako.

Nikuulize sasa: ulitaka tairi pana kwa sababu gani? Nadhani kwa sababu pancha zimekuchosha na tairi linabonyea. Hebu tufanye hesabu ya maziwa yako. Wewe tuseme kilo 65, baiskeli 18, madumu mawili yaliyojaa kilo 43. Jumla 126. Mzigo ukiwa kwenye keria, gurudumu la nyuma linabeba zaidi ya theluthi mbili, tuseme kilo 88. Matairi mengi ya Kijapani ya aina yako yameandikwa 300 kPa, yaani PSI 44 hivi, na presha hiyo ni karibu kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba. Gawa 88 kwa 3: tairi lazima likandamize ardhi kwa sentimita 29 za mraba ili likubebe. Kwa tairi la 37, hiyo ni alama ya karibu sentimita 9 au 10 kwa urefu. Limebonyea vibaya, na jiwe lolote linaifikia ringi. Ukifungua tyubu baada ya pancha kama hiyo utakuta matundu mawili yamekaa jirani, moja kila upande, pale kingo mbili za ringi zilipoing'ata. Ukiona jozi hiyo, usiulaumu msumari.

Tairi lilelile la upana wa 37 lililotengenezwa kubeba 450 kPa, PSI 65 hivi, litahitaji sentimita 19 au 20 tu za mraba. Kwa hiyo kabla ya kuwaza upana, soma presha iliyoandikwa ubavuni mwa tairi unalonunua. Presha ya juu kwa upana uleule inakusaidia zaidi ya milimita kumi za ziada zenye upepo hafifu. Tairi pana kwa presha ileile halipunguzi eneo hilo la kukanyaga. Linachokupa ni kina zaidi kabla ringi haijagusa jiwe, na ulaini kwenye makorongo. Ni faida ya kweli, ila si ile watu wanayoifikiria.

Kwa hali yako naona njia tatu, na ya kwanza ndiyo ningeianza. Nunua 37-590 yenye presha ya juu na mpira mzito, tyubu ya 26 x 1 3/8 (si ya 1.75-2.125, hiyo itajikunja ndani na kutoboka kwenye makunyanzi yake), na utepe mpya wa ringi wa kufunika vichwa vya spoku. Kisha teremsha madumu yaning'inie pande mbili za keria, yakiwa mbele kadiri visigino vitakavyoruhusu. Kwa ukoo wa 590 hutapata upana mwingi: 37 ndiyo inayojaa madukani.

Njia ya pili ni kusuka upya gurudumu la nyuma kwa ringi ya 559 na kuweka 47-559, ambayo ndiyo 26 x 1.75. Breki yako ya nyuma iko kwenye habu, kwa hiyo haijali ukubwa wa ringi. Mbele, ambako breki inabana ringi, usiguse, kwani mipira ya breki ingekosa ringi kwa milimita 15 na nusu. Spoku zote zitabadilika, maana za sasa zitakuwa ndefu. Baiskeli itashuka nyuma kwa karibu milimita 5 tu, huwezi kuhisi. Kabla ya kutoa hata senti, pima nafasi kati ya mikono ya nyuma ya fremu, sentimita 30 kutoka ekseli, pale tairi litakapokuwa pana zaidi. Unahitaji angalau milimita 59: 47 za tairi na 6 kila upande kwa ajili ya tope na ringi inayoyumba. Pima madigadi na kava la cheni vilevile. Baiskeli nyingi za aina yako zinafeli hapo, na ni bora zifeli kwa rula kuliko kwa pesa.

Njia ya tatu ni kukubali kwamba baiskeli ya kikapu ilibuniwa kwa mtu mmoja na mboga zake. Kama maziwa yataongezeka, baiskeli ya mizigo ya 28 x 1 1/2 yenye ringi nzito ya chuma ya 635, na nyuma spoku 40 kama za asili, itakutunza kuliko tairi lolote. Ni nzito, breki zake za fimbo si za kujivunia kwenye mvua, lakini mzigo ni kazi yake.

Siku ya kufunga tairi jipya, bisibisi ziwekwe mbali. Paka kingo maji ya sabuni. Anzia upande ulio kinyume na vali na umalizie kwenye vali, huku ukiusukuma ukingo uliokwisha kuingia ushuke katika mtaro wa katikati ya ringi, ambako kipenyo ni kidogo. Huko ndiko waya unakopata ulegevu wa kumalizia, wala si kwenye nguvu za mikono. Sukuma vali juu kidogo ili tyubu isibanwe chini ya waya. Jaza nusu, zungusha gurudumu, tazama ule mstari mwembamba unaozunguka tairi juu tu ya ringi. Ukiwa umbali sawa pande zote, malizia kujaza. Ukizama sehemu moja na kupanda nyingine, toa upepo urekebishe. Vali za kizamani zenye kimpira ndani hazipimiki vizuri kwa geji, kwa hiyo pakia madumu, mtu apande, kisha tazama: tairi la nyuma libonyee kidogo lakini ringi ikae mbali na ardhi.

Kazi moja naomba umpelekee fundi ana kwa ana, tena gurudumu likiwa tupu, bila tairi. Baada ya saa nzima ya bisibisi, mdomo wa ringi huenda umepinda au kuota meno yatakayokata tyubu mpya. Apitishe kidole kilichofungwa kitambaa mzunguko wote, apige tupa penye meno, aangalie nyufa kwenye matundu ya spoku, na azibonyeze spoku mbilimbili kutafuta zilizolegea. Akikuta ufa hata mmoja wa urefu wa ukucha, ringi hiyo isibebe maziwa tena. Na ukienda dukani, chukua tairi bovu mkononi, umwonyeshe muuzaji ile 590 kwa kidole, usiitaje 26 kabisa.